Hansadi za Kenya mtandaoni: pima kazi, si jina la baba

Kumpima mtoto wa rais kwa kazi yake mwenyewe, hakuna huduma ya bure inayoishinda Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Mchukue Gideon Moi, mwana wa rais Daniel arap Moi. Aliingia Bunge 2002 bila kupingwa, akirithi kiti cha baba yake cha Baringo ya Kati. Akashindwa 2007. Akarudi 2013 kama seneta wa Baringo, akachaguliwa tena 2017, hadi William Cheptumo alipomwangusha 2022.

Kwa hiyo utafute pawili: kipindi cha kwanza kwenye Google Books, yenye kisanduku cha kutafutia ndani ya kila juzuu, cha Seneti kwenye tovuti ya Bunge, faili kwa kila kikao.

Wengi hukwama kwa kuandika “Moi” tu. Utaletewa baba, chuo kikuu na hospitali ya Eldoret. Kwa kipindi cha Seneti andika “Sen. Moi”, kama waandishi wa Hansadi wanavyoandika.

Upungufu mkubwa uko kwenye kamati. Aliongoza ile ya habari na teknolojia, na kazi ya namna hiyo haionekani vizuri kwenye mijadala ya ukumbini. Fungua ripoti za kamati kando, la sivyo utamhukumu kwa nusu ya kazi.