Nilivyoisoma Beloved kwa jicho la ufeministi wa kiikolojia

Nimeisoma Beloved mara mbili. Mara ya kwanza niliifuata kama hadithi ya mama na mzimu wa mwanawe. Mara ya pili nilikuwa nimeshajifunza kuhusu ufeministi wa kiikolojia, mtazamo uliopewa jina na Mfaransa Françoise d'Eaubonne mwaka 1974, unaosema kwamba mkono unaoikandamiza ardhi ndio huohuo unaomkandamiza mwanamke. Riwaya ni ileile, lakini safari hii kuna kurasa nilizozirudia hadi usiku wa manane.

Kwa asiyeijua: Toni Morrison aliitoa mwaka 1987, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Sethe, akiwa na mimba kubwa, anatoroka shamba la Sweet Home huko Kentucky na kuvuka mto Ohio. Wanapomfuata kumrudisha utumwani, anamuua binti yake mdogo ili asichukuliwe. Morrison alipata mbegu ya hadithi hii katika kisa cha kweli cha Margaret Garner, mwaka 1856.

Kilichonishika ni maziwa. Kabla hajatoroka, wapwa wa msimamizi wa shamba, yule anayeitwa Mwalimu tu, wanamshika Sethe zizini na kumnyonya kwa nguvu, huku Mwalimu akiangalia na kuandika. Miaka kumi na minane baadaye anamsimulia Paul D, mwanamume aliyekuwa mtumwa pamoja naye Sweet Home, na Paul D anashangaa kwamba walimchapa mjeledi akiwa mjamzito. Sethe anamjibu kwamba walichukua maziwa yake. Paul D anarudia habari ya mjeledi, naye anarudia habari ya maziwa. Mara ya kwanza niliyapita mazungumzo haya mbiombio. Sasa naona Sethe anasema jambo ambalo mwenzake bado hajalisikia: alikamuliwa kama ng'ombe, na kilichoibwa kilikuwa chakula cha mtoto aliyekuwa akimsubiri ng'ambo ya mto.

Halafu kuna lile shimo. Walipotaka kumchapa walichimba shimo ardhini, tumbo lake liingie humo, mtoto asiumie. Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Huruma haikuwepo hapo, walikuwa wanalinda mali. Tangu mwaka 1662 sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake, na baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808, tumbo la mtumwa mwanamke lilizidi kuwa shamba la bwana. Mimba ilihesabiwa kama mavuno.

Hapo mtazamo huu unanisaidia kweli. Lakini kuna namna ya kuutumia ambayo siikubali hata kidogo: ile ya kusema mwanamke yuko karibu na maumbile, mwanamke ni ardhi, mwanamke ni mti. Riwaya yenyewe inaikataa. Sethe anamsikia Mwalimu akimwelekeza mwanafunzi aandike sifa za Sethe za kibinadamu upande mmoja wa karatasi, za kinyama upande wa pili. Anakwenda kumuuliza Bi Garner, bibi mwenye shamba, neno "sifa" maana yake nini, anaambiwa ni kitu cha asili katika kitu. Na wino wa daftari lile, Sethe ndiye aliyekuwa akiutengeneza. Anayetaka kumsifu mwanamke kwa uasili wake aanze kwa kuusoma ukurasa huo.

Angalia pia makovu ya mgongoni. Msichana wa kizungu anayemsaidia njiani anayaita mti wa cheri, wenye matawi na maua, na Sethe, ambaye hajawahi kuuona mgongo wake, analibeba jina hilo. Paul D naye anauona mti, anaubusu. Muda si mrefu, akiwa amelala kando yake, anakiri moyoni kwamba huo si mti, ni lundo la makovu ya kuchukiza. Sethe mwenyewe anaona aibu kwamba akikumbuka Sweet Home, uzuri wa miti humjia upesi kuliko wavulana walionyongwa juu yake.

Kuisoma si rahisi. Nyakati zinaingiliana, na kurasa hamsini za mwanzo zitakusumbua. Vumilia, usiruke.

Usiruke hasa safari ya Paul D. Ametoroka gereza la minyororo huko Georgia, hajui kaskazini iko wapi, na Mcherokee mmoja, mwenyeji wa asili wa Marekani, anamwambia afuate maua ya miti tu, kwa kuwa majira ya kuchanua hupanda kuelekea kaskazini. Kuanzia Februari hadi Julai anatembea, mti ukipukutisha anatafuta mwingine unaochanua, hadi anafika penye mitofaa ambayo maua yake yameanza kufunga matunda.