Blinatumomab au inotuzumab: lukemia inaporudi

Lukemia kali ya seli B (saratani ya damu inayoanzia kwenye seli za kinga ziitwazo B) ikirudi baada ya kemotherapi, dawa mbili za kingamwili huzungumzwa sana, nazo hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa.

Blinatumomab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, ina mikono miwili. Mmoja hushika alama ya CD19 kwenye seli ya saratani, mwingine hushika seli T, yaani seli ya kinga, ya mgonjwa mwenyewe. Zikikutanishwa, seli T huua. Haibebi sumu yoyote, na hilo mimi nalipenda. Lakini mwili huiondoa haraka, kwa hiyo mgonjwa hufungwa pampu ya dripu usiku na mchana kwa wiki 4, kisha hupumzika. Homa kali, kutetemeka na kuchanganyikiwa huweza kutokea, hasa mwanzoni.

Inotuzumab (iliyoidhinishwa 2017) hushika alama nyingine, CD22, huingia ndani ya seli na kuachilia sumu iitwayo kalikeamisini inayokata DNA. Hutolewa kwa saa moja tu, mara moja kwa wiki. Katika utafiti wake mkubwa, takriban asilimia 80 ya wagonjwa walipata nafuu kamili, dhidi ya asilimia 29 ya waliopewa kemotherapi. Hofu yake ni ini: mishipa midogo huziba, hasa baada ya kupandikizwa uloto (tishu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu).

Saratani ikiwa imejaa tele kwenye uloto, ningeegemea inotuzumab. Ikibaki kidogo, au upandikizaji ukiwa karibu, blinatumomab.