Picha ya mtaa: rangi ya mafuta au akriliki?

Mtaa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, una mistari mingi: baraza, milango, nyaya za umeme. Hapo akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, inashinda. Tabaka jembamba hukauka kwa dakika 10 hadi 30, kwa hiyo unabandika utepe wa karatasi na kupaka ukingo wa jengo bila kuchafua anga. Shida ni kwamba ikikauka hukolea, na kiraka cha kesho hakitafanana na ukuta wa leo. Changanya rangi ya kutosha mapema, uifunike.

Vivuli vinavyofifia na lami iliyolowa mvua ni mali ya mafuta, kwani rangi hubaki mbichi siku nzima au zaidi. Anza na tabaka lenye tapentaini, lenye mafuta mengi lije juu. Ukigeuza, picha hupasuka. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yaliyomo kwenye rangi hii, usivirundike, huweza kuwaka vyenyewe.

Usafi? Akriliki inataka maji tu, ila brashi ikikaukiwa ndiyo basi.

Unaishi chumba kimoja na watoto: akriliki. Una veranda na subira ya miezi 6 kabla ya vanishi: mafuta. Wengine hupaka majengo kwa akriliki, kisha mwanga kwa mafuta juu yake. Kinyume chake hakishiki.