Kipimo cha Dakika Tatu: Tathmini ya Kliniki ya Uchunguzi wa Mlango wa Kizazi, Tanga

Anayeandika tathmini ya kituo cha afya kwa kawaida huanza na foleni, usafi wa vyoo na upatikanaji wa dawa. Mimi nitaanza na mlango, kwa sababu mlango ulinishinda mara mbili. Mara ya kwanza nilifika hadi kwenye benchi la kliniki ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, katika kituo kimoja cha afya cha serikali jijini Tanga, nikasikia sinia la vyuma likiwekwa mezani nyuma ya pazia, nikainuka na kurudi nyumbani. Mara ya pili sikuvuka hata geti. Ninayoyaeleza hapa ni ya mara ya tatu.

Jina la kituo sitalitaja, na sababu yake ni sehemu ya tathmini yenyewe: ninachokisifu zaidi kilitoka kwa muuguzi mmoja, ambaye anaweza kuhamishwa wiki ijayo, na sipendi msomaji afunge safari kwa kuamini jengo.

Sina budi kueleza nilikotoka. Mwaka 2016 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza katika hospitali nyingine, mbali na Tanga, ambako niliongezewa njia, yaani nilikatwa ukeni ili mtoto apite, bila kuambiwa, nikashonwa kabla ganzi haijashika, na nilipolia nikapigwa kofi la paja na kuulizwa kama nililia hivyo wakati wa kuitafuta hiyo mimba. Kliniki ya siku ya 42 baada ya kujifungua sikwenda. Mtoto alipelekwa chanjo na mama mkwe, nami nilikuwa nikisingizia kazi. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilitosha kunitoa jasho viganjani. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na jamaa zangu walinikumbusha methali hiyo mara nyingi kwa nia njema, wakimaanisha kwamba ninachokiogopa ni jani tu la mkindu. Hawakuzingatia kwamba kwangu kitanda kilikuwa cha aina ileile, sare ileile, na mkao ni uleule wa kulala chali miguu ikiwa imepanuliwa mbele ya mtu nisiyemjua.

Jambo ambalo watoa huduma wengi hawalioni ni kwamba hofu ya namna hii haipigi kelele. Miaka mitatu baada ya uzazi ule nilipimwa tumbo katika zahanati ya binafsi, nikaganda kabisa, macho yakiwa darini, nikawa kama ninayetazama mwili wa mtu mwingine, na daktari akanisifu kuwa ni mgonjwa mtulivu. Sikurudi kuchukua majibu. Kunyamaza kwangu kulichukuliwa kuwa ridhaa, na kwa kuwa sikulalamika, nadhani katika kumbukumbu zao mimi ni mteja aliyeridhika.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. Muuguzi, mama wa makamo, aliitikia shikamoo yangu, akaketi mbele yangu kabla ya kugusa chochote, akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa hospitalini: "Mwanangu, kuna jambo lolote lililokupata huko nyuma ambalo ningependa kulijua kabla hatujaanza? Si lazima uniambie ni nini." Nilijibu kwa kutikisa kichwa kukubali tu, naye hakuchimba zaidi. Alinionyesha spekulamu, kile chombo cha kufungulia njia, akaniachia nikishike na kukifungua na kukifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Alieleza kwamba angepaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, angesubiri dakika moja, na kwamba penye mabadiliko hugeuka kuwa peupe, hivyo jibu ningelipata palepale. Kisha tukakubaliana ishara: nikiinua mkono wa kushoto, anasimama, bila kuuliza sababu.

Niliinua mkono. Ukweli ni kwamba sikuwa na maumivu yoyote wakati ule. Nilitaka kuona kama atasimama. Alisimama, akatoa chombo, akanifunika kwa kanga, akasubiri huku akinisimulia habari ya mvua iliyokuwa imeharibu barabara ya mtaani kwake. Baada ya muda nilimwambia aendelee. Kwa saa yangu, maelezo yalichukua zaidi ya robo saa na kipimo chenyewe dakika tatu hivi, na kama ningeulizwa ni kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa tiba, nisingesita kujibu.

Hata hivyo, kituo hiki kina kasoro ambazo hazihitaji fedha nyingi kurekebishwa. Karani wa mapokezi alisimama ukumbini na kuita kwa sauti, "Wa mlango wa kizazi wapite huku!", wanaume waliokuja kupima malaria wakageuka wote kutazama. Mlango wa chumba hauna komeo, na pazia linaishia magotini. Katikati ya maelezo waliingia wanafunzi wawili wa mazoezi bila kubisha. Muuguzi aliniuliza kama niko radhi wabaki, nikasema hapana, akawatoa kwa upole. Swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla hawajaingia, kwa kuwa mwanamke asiyeweza kusema hapana mbele ya makoti meupe mawili ndiye hasa anayehitaji kuulizwa faraghani.

Lipo pia sanduku la maoni, nalo limetundikwa kando ya dirisha la mapokezi, mahali ambapo kila mfanyakazi anamwona anayeandika. Utafiti uliofanyika katika mkoa huuhuu wa Tanga na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake waliohojiwa walipokuwa wakitoka kituoni baada ya kujifungua, takriban asilimia 19 walieleza kwamba walivunjiwa heshima au kudhulumiwa. Baadhi yao walipohojiwa tena majumbani wiki kadhaa baadaye, kiwango kilipanda hadi takriban asilimia 28. Yaani mwanamke huhitaji kufika kwake, avue viatu, ndipo aseme. Sanduku la dirishani haliwezi kumsikia huyo, na uongozi unaojipima kwa karatasi zilizomo ndani yake unajipa alama za bure.

Ningependa pia kituo kianze kutoa kipimo cha HPV, virusi ambavyo ndivyo chanzo kikuu cha saratani hii, ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini, akiwa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Shirika la Afya Duniani linakipendekeza, na kwa ujumla wanawake hushauriwa kuanza kupimwa HPV wakiwa na umri wa miaka 30, au miaka 25 kwa wanaoishi na VVU. Kikionyesha virusi bado mtu atahitaji kuchunguzwa zaidi, lakini wengi wangevuka walau geti lile ambalo mimi lilinigomea.

Nakipa kituo nyota tatu kati ya tano, na muuguzi wangu tano kamili. Majibu yangu yalikuwa salama, na kadi imeandikwa nirudi baada ya miaka mitatu. Nilipomuuliza kama nitamkuta, alicheka, akasema uhamisho haubishi hodi, kisha akaigeuza kadi na kuandika kwa nyuma, chini ya jina langu: "Aelezwe kwanza. Akiinua mkono wa kushoto, simama."