Ofisi ya mizigo Kisenyi: kufunga wanajua, ila bei yao inamuumiza mwenye vitu vichache

Kwa wale mnaofungasha kurudi nyumbani kutoka Kampala, hawa ni wale wa Kisenyi wanaopeleka mizigo Kenya kupitia Busia na Tanzania kupitia Mutukula. Nilimsindikiza jirani yangu, dada fundi cherehani anarudi Bukoba, nawapa nyota 3 kati ya 5.

Kazi ya kufunga jamani waachie wao. Kijana alitoa kichwa cha cherehani kwenye meza yake akakizungushia blanketi kuukuu, sindano na vidude vidogo vidogo akavitia kwenye kimfuko akakifungia humo humo ndani, halafu akakaza yote kwa mipira ya tairi, ukitikisa husikii kitu. Hiyo cherehani ndio kazi yake akifika kule kwa hiyo nilisimama pale mpaka mwisho. Imefika nzima na ameshaanza kushona.

Karatasi nazo wanazijua, walimwambia mapema kwamba sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe ushuru mtu anayehama kwa vitu vyake vya nyumbani alivyokwisha kuvitumia, ila vitambaa vipya vya kuuza havimo, akaviandika mbali.

Sasa bei. Wana kiwango cha chini, ukileta kilo 30 unalipa za 100, na hapa kwa kweli nimekasirika. Maana ukikaa pale kaunta unawaona wanaoondoka ni akina nani: yupo aliyekamilisha mambo yake kama yule mkandarasi wa Mombasa, nyumba kwao keshajenga, anapakia friji na makochi, na yupo kama dada yetu, oda zimepungua, anachopata kinaishia kwenye kodi ya chumba na chakula, cha kutuma kwa mama hakuna, sasa abaki afanye nini? Na sio Kampala tu, kule Uholanzi watafiti Bijwaard na Wahba walionyesha 2014 kwamba kwa wahamiaji wa kazi waliotoka nchi zinazoendelea, wanaowahi kuondoka ni wa kipato cha chini na wa kipato cha juu, wa katikati ndio wanaokaa. Yaani wateja wa ofisi kama hii ni makundi mawili na bei wameipangia kundi moja. Mkandarasi hata hakuuliza, dada akalipa kwa hela aliyoiweka ya kuanzia maisha kule.

Nikamwambia meneja kwa heshima, akajibu lori lazima lijae. Sawa lijae, si mkusanye mizigo midogo ya watu watatu wanne mjaze? Wapo kila wiki hapo mlangoni!

Kama vitu vyako ni vichache, tafuta mwenzako wa mpaka ule ule muwaombe mlipie kiwango kimoja, ila kila mtu awe na orodha yake ya forodha, na mzigo upimwe mbele yako upewe risiti yenye kilo.