Tahadhari: kokpiti za kukunja za bei ya kutupa

Wakuu mnaotafuta kokpiti ndogo (fremu yenye kiti ya kufungia usukani na pedali) ya kuanzia gemu za mbio za magari nyumbani, hasa zile za kukunja, kaeni macho sana. Kuna duka la mtandaoni linatumia picha za Playseat Challenge, kokpiti ya kukunja ya kampuni ya Playseat, nembo wameifuta, bei nusu ya kawaida, na pichani kuna usukani, pedali mpaka skrini, alafu ukishuka chini kabisa kwenye maandishi madogo ndo unakuta wanauza fremu tu.

Mshkaji wangu kaagiza hapo. Kilichokuja ni vibomba vyembamba kama vya kuanikia nguo, matundu ya kufungia usukani hayaendani na G29 yake (usukani wa gemu wa Logitech), akikata kona fremu nzima inayumba. Kudai hela arudishiwe, wanamwambia asafirishe mzigo kwa gharama zake hadi nchi nyingine, au apokee kahela kidogo abaki na huo mzigo. Imeniuma sana maana alijichanga muda mrefu.

Na G29 ni usukani ambao mota yake inausukuma kupitia gia, nguvu yake Nm 2 na kidogo tu (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Sasa ukija kufunga dairekti draivu, yaani usukani uliofungwa moja kwa moja kwenye mota, ya Nm 5 au 8 itakuaje? Au pedali za lodiseli, ambazo breki inapima unavyokandamiza kwa nguvu na sio umbali mguu unaoshuka, hapo kiti kinarudi nyuma na kibao cha pedali kinapinda. Kwahiyo muuzaji akikwambia "inaingia usukani wowote" muulize inabeba Nm ngapi, matundu ni ya modeli zipi, na mtu wa kilo ngapi, urefu gani. Akizunguka zunguka, achana nae. Hao hao wanauza G29 wakidai inacheza Xbox, uongo, ni ya PlayStation na kompyuta, ya Xbox ni G920.

Mwombe video anaikunja na kuikunjua, kwenye karatasi pembeni aandike tarehe ya leo. Na akikuvuta mlipane nje ya jukwaa la mtandaoni mnaponunulia eti akupunguzie, usikubali hata kidogo, ulinzi wa mnunuzi unaishia hapo hapo.

Kama ushalipa na mzigo ni mbovu, piga picha kila kitu, usibonyeze "nimepokea", fungua malalamiko ndani ya jukwaa leo leo, maana ile "subiri kidogo bosi tunashughulikia" wanavuta muda tu mpaka siku za kulalamika ziishe.