TAHADHARI kwa wenye Canter na Fuso: kuna kishoka wa leseni za LATRA (wale wanaosimamia usafiri wa ardhini) kanila laki 6 na 80, msije mkasema sikuwaambia

Jamani siku tisa hizi sijaandika kitu ni aibu tu. Mlionipigia mkaona sipokei, sababu ndo hii. Mtu mzima mie, nakaa dukani mwaka wa kumi na moja huu, noti bandia naijua kwa kuigusa tu hata taa ikiwa imekatika, leo nimeingizwa mjini na kijana aliyevaa yeboyebo. Yeboyebo jamani!

Ile Canter yangu ya mkopo mnaijua, stori yake sirudii, na wale wa "tulikwambia ununue bajaji" naomba mnyamaze kwanza mmalize kusoma.

Gari lilitoka gereji Alhamisi. Fundi akaniambia mama, hili ukilipakia mzigo wa watu bila LATRA utalia. Hilo mbona nalijua, gari la kukodisha kubeba mizigo lazima liwe na leseni ya usafirishaji na kila mwaka unahuisha, ni walewale tuliokuwa tunawaita SUMATRA mpaka sheria ilipobadilika 2019. Nikamwambia Jumatatu nakwenda ofisini kwao mwenyewe. Fundi akasema ah, foleni ya nini wakati kuna kijana anawashughulikia wote hapa, akanionyesha Fuso mbili zilizopaki pale, hizi zote kazishughulikia yeye. Na fundi simlaumu sana, na yeye alikuwa anajua kweli kashughulikia.

Kijana akaja ndani ya robo saa. Faili kubwa jeusi, kamba ya kitambulisho shingoni (kitambulisho chenyewe kimeingia mfukoni, sikuwahi kukiona, sasa ndo nakumbuka), shikamoo mama, za nyumbani, poleni na joto. Nikamwagizia soda akakataa, kafunga. Hakuniomba chochote. Akazunguka gari kimyakimya kama daktari, akasimama nyuma, akatikisa kichwa. Akasema mama, hapa huwezi kupata leseni.

Nikashtuka. Namba yako ya njano hii, akasema, gari limesajiliwa la binafsi, la biashara linatakiwa namba nyeupe, uanzie TRA, kwa watu wa kodi, kubadili matumizi ndo uje LATRA. Alafu hii bima yako umekata ya binafsi, siku likipata ajali na mzigo wa mtu juu, bima watakuangalia tu. Na ripoti ya ukaguzi ya trafiki iko wapi?

Sasa niambieni, tapeli gani anaanza kwa kukukatalia? Maana yote aliyosema yalikuwa kweli! Nilikwenda TRA mwenyewe kwa miguu yangu, wakaniambia vilevile, namba ikabadilishwa, bima nikakata ya biashara, gari likakaguliwa, stika ya usalama ikabandikwa. Yeye mambo hayo hakugusa hata senti. Aliniacha nikahangaike na ofisi za kweli wiki mbili nzima, niliporudi nilikuwa nimeshaiva. Ndo ufundi wake huo, anakupa ukweli mwingi kwanza.

Siku ya kupigwa tulikaa pale kwenye stesheneri, viti vya plastiki, mimi nimepakata pochi na yeye faili lake. Katikati ya mazungumzo simu yake ikaita akaweka spika, mtu anamwomba amfanyie leseni gari halijakaguliwa. Akamfokea! "Bro mimi mambo ya njia za panya sifanyi, kapeleke gari likaguliwe, unataka kuua watu?" Akakata, akaniangalia, akasema mama unaona watu walivyo. Na mimi mjinga mmoja nikamwitikia, ni kweli mwanangu, watu hawana hofu ya Mungu. Leo nikiikumbuka hiyo sentensi natamani nijipige kofi. Yule aliyepiga simu bila shaka alikuwa mwenzake, kajificha nyuma ya hicho hicho kibanda.

Akachukua kopi ya kadi ya gari, TIN, bima, ripoti ya ukaguzi, akapiga picha kila karatasi, akabonyezabonyeza simu, akanionyesha kioo haraka haraka, kuna maandishi ya kijani, "imepokelewa". Hapo hapo na yangu ikalia, meseji: Ndugu mteja ombi lako la leseni limepokelewa. Nikaona mambo si hayo, mfumo wa kisasa. Sikuangalia imetoka namba gani.

Nikamuuliza, sio mjinga kiasi hicho, nikamuuliza control number iko wapi nilipie? Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumwonea huruma mgeni. Akasema mama, control number imeshatoka na nimeshailipia mimi, ukichelewa inaexpaya unaanza upya, wewe nirudishie tu. Akanionyesha risiti kwenye simu. Laki 4 na 30 leseni, laki 2 na 50 dereva. Na dereva nae? Akasema eeh, siku hizi dereva wa gari la biashara lazima asajiliwe na athibitishwe, asipokuwa na cheti gari linazuiwa. Nikasema si kuna mtihani? Nilikuwa nimesikia wale wa mabasi wanafanya mtihani. Akasema wa mizigo haina haja, nipe tu kopi ya leseni yake.

Nikatuma. Laki 6 na 80. Na nikatuma na ya kutolea!! Aliniambia "mama weka na ya kutolea" nikaweka. Yani serikali ya nchi hii inidai ada alafu iombe na ya kutolea, na mimi nikaona sawa. Jina lililokuja kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke, nikamuuliza, akasema mhasibu wetu huyo. Nikabonyeza moja kukubali.

Siku ya tatu akaleta karatasi mbili, zimelaminetiwa, nembo, kile kimraba cha kuskani, mpaka nikampa elfu kumi ya nauli. Akakataa!! Akasema niombee dua tu.

Sasa safari ya kwanza. Nyanya kutoka Ilula, tenga 90, mteja wangu wa Ilala, yule mama mnayemjua mdomo wake. Saa kumi na moja alfajiri dereva ananipigia, bosi tumezuiwa Vigwaza, karibu na mizani, kuna ukaguzi, wanasema gari halina leseni. Nikamwambia waonyeshe. Anasema nimewaonyesha bosi, ndo wamezidi kukasirika.

Nikapanda gari za Chalinze, saa tatu niko pale. Na hapa ndo aibu yangu yenyewe. Nilifika na hasira nikamfokea yule afisa mbele ya makondakta na wauza korosho, nikamwambia mnapenda kuonea wanawake wanaojitafutia, leseni hii hapa nimelipia kwa jasho langu. Yule baba hakunijibu. Alichukua karatasi, akaiskani, akanigeuzia simu yake taratibu. Ikatoka hiace. Hiace ya abiria, namba nyingine kabisa. Akaingiza namba ya Canter yangu kwenye mfumo wao, hakuna kitu, gari halijawahi hata kuombewa. Akaniambia mama iangalie vizuri hii. Nikaiangalia kwenye mwanga. Namba ya gari langu imekaa juu kidogo ya mstari, herufi zake nene kuliko zingine, na kwa pembeni unaona kabisa kakivuli ka kikaratasi kilichobandikwa juu kabla ya kupigwa kopi. Kitu nilikaa nacho ndani ya droo wiki nzima sikukiona, mie ninayekamata noti bandia gizani.

Akaomba leseni ya dereva. Daraja D. Akaniuliza mama unajua D haiendeshi gari la mizigo la biashara, inatakiwa E? Sikujua. Hicho "cheti cha dereva" hata hakukiskani, alikirudisha tu na kunionea huruma, na ile huruma iliniuma kuliko angenitukana.

Gari likakaa. Jua la Vigwaza mnalijua. Kufika saa nane maji ya nyanya yanachuruzika kwenye bodi mpaka kwenye vumbi, nzi wamejaa, watoto wanaokota zilizodondoka, harufu kama ya tomato sosi iliyochacha. Canter nyingine ya kuja kuhamisha mzigo nimeipata usiku, laki 3, na vibarua wa kushusha na kupakia. Tenga 37 zilikuwa za kumwaga. Mama wa Ilala kaniimba mpaka kwenye vikoba viwili nilivyomo, na nimemlipa. Na faini nayo nimelipia, wamenipa control number, inaanza na 99, nikalipia kwa simu ikaja risiti ya serikali. Control number ya kwanza ya leseni katika maisha yangu ni ya faini ya kutokuwa na leseni. Cheka ukitaka.

Leseni ya kweli nimeshapata, nimeomba kwenye mfumo wao wa mtandaoni, ada haikufika hata nusu ya nilichompa yule mbwa. Dereva nimempumzisha, anatafuta ada akasomee magari makubwa chuoni, VETA au NIT, apandishe daraja, nimempata mwingine mwenye E. Mkopo uko palepale.

Nikirudi kwa huyu kijana. Nataka afungwe. Sitaki kurudishiwa hela, hela nishaizika, nataka afungwe na wenye stesheneri wanaompa kivuli wahojiwe nao, maana laminesheni anafanyia palepale. RB ya polisi ninayo, jalada liko kwa mpelelezi. Mtu anayeweza kumpa kijana wa daraja D cheti feki aingie na lori kwenye mteremko wa Kitonga na tani nne mgongoni huyo sio mwizi wa hela tu, ni muuaji ambaye bado hajabahatika. Na Mungu anisamehe ile dua niliyomwombea nimeifuta, nimeomba nyingine.

Mnaniuliza inbox namna ya kumjua. Sura ya kawaida tu, mweupe mweupe, mpole, anafunga funga sana. Ila kikubwa ni hela: ukiambiwa "nimeshalipia nirudishie", au jina linakuja la mtu, au "weka na ya kutolea", ondoka hapo hapo usiage. Meseji ikitoka kwenye namba ya kawaida ya simu sio ya mfumo. Karatasi ukipewa iskani mwenyewe palepale mbele yake, mimi simu nilikuwa nayo mkononi. Na anayekwambia dereva haendi popote kufanya mtihani ni mwongo.

Alafu kuna hili ndo limenifanya niandike leo. Jana usiku kuna mtu kanitumia tangazo, linazunguka kwenye magrupu ya madereva: "LEsENI ZA LATRA, BIMA, TRA, fasta fasta, wateja wetu wana furaha". Line mpya, picha ya Canter. Nikaikuza ile picha. Mlango wa kushoto una ule mkwaruzo wa kwenye geti la kwa shemeji, na kwenye kioo kuna rozari ya mama. Ni gari langu, kalipiga picha siku ile ile anazunguka kama daktari. Mkiliona hilo tangazo huyo mteja mwenye furaha ndo mimi, naomba mlipige skrinshoti na namba ionekane mnitumie, mpelelezi anazisubiri.